Ekstensheni Moja, Meza Tatu

Swali hili linanifikia karibu kila wiki, na huja kwa maneno yaleyale: "Simu ya ofisi ikipigwa tunataka ilie mapokezi na kwa mhasibu pia, yeyote aliye karibu aipokee. Tubonyeze wapi?" Aliyeniuliza mara ya mwisho ana ofisi ya uwakala wa forodha yenye watu tisa. Kabla yake iliniuliza shule ya bweni, na kabla ya hapo duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja kwa simu, na kila mara nalazimika kuanza na swali langu kabla ya kujibu lao: mnataka kuchangia kitu gani hasa?

Wapangaji wakisema wanachangia mita ya LUKU, kila mtu anajua maana yake. Simu haiko hivyo. Kuchangia simu ni mambo manne tofauti, kila moja lina mpangilio wake, na anayechagua lisilo lake huishia kulaumu mashine.

Mambo manne yanayochanganywa

- Kundi la kuita. Kila meza ina ekstensheni yake, lakini mteja akipiga, meza kadhaa zinalia kwa pamoja au kwa zamu. Wa kwanza kunyanyua ndiye anayeongea, nyingine zinanyamaza.
- Ekstensheni moja kwenye simu mbili au zaidi. Namba 201 iko mezani na iko pia kwenye programu ya simu ya mkononi. Hii inamfaa mtu mmoja mwenye vifaa viwili.
- Kitufe chenye taa. Kwenye simu yako kuna kitufe cha mwenzako. Kwa simu nyingi, kijani maana yake yuko huru, nyekundu anaongea, na nyekundu inayopepesa maana yake simu yake inalia na hajaipokea. Ukikibonyeza wakati inapepesa, unaidaka simu ile.
- Laini ya pamoja. Simu ikisubirishwa kwenye meza moja, meza nyingine zote zinaona taa, na yeyote anaweza kubonyeza akaendelea na mazungumzo.

Walio wengi wanaponieleza, wanaeleza jambo la nne. Nadhani ni kwa sababu ya simu za kizamani zilizokuwa na kitufe kwa kila laini ya nje: laini ya kwanza ikitumika, taa yake inawaka kwenye kila meza ya ofisi. Waliozizoea bado wanazitafuta. Lakini nikikaa nao nusu saa na kuwauliza simu inapita vipi kutoka mkono hadi mkono, naona wanachohitaji ni la kwanza na la tatu, pamoja na kitu kidogo ambacho hawajawahi kusikia jina lake: kuegesha simu. Nitakifikia.

Kosa nililolifanya mwenyewe

Miaka kadhaa iliyopita nilifunga simu kwenye zahanati moja yenye meza tatu: mapokezi, maabara na dirisha la dawa. Waliniambia wanataka namba moja. Nikaweka ekstensheni 201 kwenye simu zote tatu, nikapiga, zikalia zote, nikapokea malipo yangu nikaondoka nikiwa nimeridhika.

Siku chache baadaye nikaitwa. Mtu alikuwa amepiga akiulizia majibu ya vipimo vya mke wake. Dada wa mapokezi akamwambia "subiri kidogo kaka", akabonyeza kitufe cha kusubirisha, akapaza sauti kuelekea maabara: "Chukua hiyo simu!" Yule wa maabara akanyanyua mkonga. Akasikia mlio mtupu wa laini, kana kwamba hakuna aliyepiga. Akasema haloo, haloo, akarudisha mkonga. Mapokezi tayari alishamgeukia mgonjwa mwingine, naye aliyepiga akabaki na muziki sikioni mpaka akakata.

Namba ilikuwa moja, lakini simu iliyosubirishwa ilikuwa ya mkonga wa mapokezi peke yake. Mashine ilifanya kama nilivyoiagiza. Kosa lilikuwa langu: sikuuliza simu inahama vipi kutoka mapokezi kwenda maabara. Tangu siku ile sigusi kitufe kabla sijachora karatasi.

Karatasi kwanza

Kaa mapokezi asubuhi moja, saa mbili mpaka saa nne, wakati simu ni nyingi. Andika:

- Nani anapokea, na nani anapokea asipokuwepo.
- Simu inapelekwa kwa nani, na kwa maneno gani. Wanapaza sauti? Wanainuka kwenda kumwita?
- Meza zipi zinaonana kwa macho. Wanaoonana hawahitaji kitufe cha taa kama anavyokihitaji aliye ghorofa ya pili.
- Nani hapaswi kusikia au kuona simu za nani.

Halafu panga namba. Anza na tarakimu 2 au 3: 201, 202, 203 na kuendelea. Usianze na 0, maana ndiyo inayofungua namba za nje. Usimpe mtu ekstensheni 112, kwa sababu ni namba ya dharura Tanzania na Kenya pia. 114 ni ya zimamoto hapa Tanzania. Kama ofisi yako huanza na 9 ili kutoka nje, hakikisha namba za dharura zinapita bila kuongezewa 9 mbele. Kwa walioko Kenya hili ni zito zaidi, kwa kuwa 999 yenyewe inaanza na tarakimu hiyohiyo. Mtu anayepigia polisi usiku hatakumbuka utaratibu wa ofisi.

Jambo dogo la mwisho hapo: mpe kila kitufe jina la kazi, kama "Malipo" au "Nyaraka". Usiandike jina la mtu. Mama Asha atahamia tawi jingine, na kitufe chake kitaendelea kuitwa Mama Asha kwa miaka mitatu.

Hatua zenyewe

Natumia mfano wa FreePBX, ukurasa wa usimamizi unaokaa juu ya Asterisk, programu ya bure ambayo Mark Spencer aliianza Marekani mwaka 1999 na ambayo leo inaendesha PABX nyingi ndogo, yaani mashine za kuunganisha simu za ofisi. Mfumo wako ukiwa wa kampuni nyingine, majina ya menyu yatatofautiana, ila mpangilio ni huuhuu. Chukua ile ofisi ya forodha.

1. Unda ekstensheni ya kila meza: 201 mapokezi, 202 nyaraka, 203 mhasibu, 204 mkurugenzi. Kila moja iwe na neno la siri lake, refu, lililotungwa na mashine.
2. Unda kundi la kuita, tuseme 600, uweke ndani yake 201, 202 na 203. Chagua zilie zote kwa pamoja kama watu wako vyumba tofauti. Kama wamekaa chumba kimoja, ni afadhali zilie kwa zamu. Simu tatu zinazolia mita mbili kutoka kwa mteja aliyekaa mbele yako ni kero.
3. Weka muda wa sekunde 20, yaani kama milio minne. Kisha amua simu iende wapi isipopokelewa. Usiache sehemu hiyo wazi, maana mteja atakatiwa.
4. Elekeza namba ya nje ya ofisi kwenye 600. Wengi huiacha ikielekea 201, halafu wanashangaa kundi halilizi simu za wenzao.
5. Bonyeza kile kitufe chekundu cha kukubali mabadiliko kinachotokea juu ya ukurasa. Bila hicho, yote uliyoandika yamehifadhiwa lakini hayafanyi kazi. Nimesafiri mpaka mkoa mwingine kwenda kubonyeza kitufe hiki.
6. Nenda kwenye simu yenyewe. Fungua ukurasa wake kupitia kompyuta, tafuta mahali pa vitufe vya pembeni, chagua aina iliyoandikwa BLF, andika namba ya mwenzako, na uweke lebo.
7. Kwenye ukurasa huohuo tafuta sehemu ya msimbo wa kudaka. Kwenye FreePBX ni nyota mbili kisha namba: kudaka simu inayolia 202 unapiga \*\*202. Simu za Grandstream huja na nyota mbili tayari zimeandikwa. Za Yealink mara nyingi unajaza mwenyewe. Ukisahau hapa, taa itapepesa vizuri kabisa, utabonyeza, na badala ya kudaka simu ya mteja utakuwa unampigia mwenzako ambaye hayupo mezani.

Simu za kawaida zisizo na vitufe vya pembeni hazijaachwa nyuma. Ziweke katika kundi moja la kudaka, kisha yeyote anapiga \*8 na kuchukua simu yoyote inayolia ndani ya kundi lile. Bandika karatasi ndogo chini ya mkonga mpaka watu wazoee.

Kuegesha: kitu kinachotibu shida nyingi

Lile tatizo la zahanati lilitibiwa na hiki, kwa hiyo nisikilize vizuri. Kuegesha simu ni kuiweka mahali pa wote, kama gari linavyoachwa kwenye maegesho: aliyeliacha anaondoka, na mwenye ufunguo wa namba analichukua.

Kwa mipangilio ya awali ya FreePBX, maegesho ni 70 na nafasi zake ni 71 mpaka 78. Mapokezi anahamishia simu 70. Mashine inamtajia sikioni "71". Anamwambia wa maabara, "Simu yako iko sabini na moja." Wa maabara, akiwa meza yoyote ndani ya jengo, anapiga 71 na anaongea na mtu yuleyule.

Sasa weka vitufe vitatu vyenye taa kwenye kila simu: 71, 72, 73. Simu ikiegeshwa, taa yake inawaka kwenye meza zote. Hapo umepata karibu kila kitu ambacho watu wanakitaka kwenye laini ya pamoja, bila taabu yake. Dereva akipiga akiwa getini bandarini na kontena, mapokezi anaiegesha, mtu wa nyaraka anaona taa nyekundu kwenye kitufe cha 71, anabonyeza, anaendelea.

Angalizo moja: simu iliyoegeshwa haikai pale milele. Muda wa awali ni sekunde 45, kisha inarudi kwa aliyeiegesha. Kwa ofisi yenye ghorofa mbili mimi huongeza ziwe 90. Na hakikisha inarudi kweli. Kama haina pa kurudi, itakatika.

Bosi na katibu muhtasi

Hapa ndipo ekstensheni ya kuchangia inapohitajika kwa haki. Mkurugenzi anataka katibu aone simu zake, ajibu bosi akiwa kwenye kikao, na apige kwa namba yake.

Njia ninayoipendekeza: namba anayojulikana nayo mkurugenzi ilie kwanza kwa katibu. Ekstensheni yake halisi wajue wachache. Kwenye simu ya katibu weka kitufe cha taa cha 204, ili ajue bosi anaongea au yuko huru kabla ya kumhamishia mtu. Hii inatosha katika ofisi nyingi.

Kama ni lazima 204 iwe kwenye simu zote mbili, fungua mipangilio ya ekstensheni hiyo, tafuta idadi ya vifaa vinavyoruhusiwa kujisajili, iliyoandikwa Max Contacts, na uibadilishe kutoka 1 kuwa 2. Ukiiacha 1, simu mbili zitakuwa kama majogoo wawili kwenye banda moja: ama ya pili inakataliwa, ama inaitoa ya kwanza. Dalili yake ni simu inayofanya kazi asubuhi na kufa mchana bila sababu.

Na mwambie mkurugenzi mapema mambo mawili. Orodha ya simu alizopiga inaweza kuonekana kwa yeyote anayeshika mashine. Pia ujumbe wa sauti ni mmoja kwa wote wawili: katibu akishausikiliza, taa ya ujumbe inazimika kwenye simu zote mbili, na bosi hatajua kama kulikuwa na ujumbe. Kubalianeni nani anasikiliza na anaandika wapi.

Makosa ninayoyakuta mara kwa mara

- Simu ya mkononi ndani ya kundi la kuita. Hili linaleta balaa kimyakimya. Kama simu zenu hutoka nje kupitia laini ya waya ya kizamani, PABX nyingi huhesabu simu kuwa imepokelewa mara tu zinapomaliza kupiga namba. Matokeo yake mezani panalia mara moja kisha kimya, na mteja anasikia ile sauti ya "namba unayopiga haipatikani". Dawa ni kuwasha uthibitisho: aliyenyanyua simu ya mkononi aambiwe abonyeze 1 ndipo aunganishwe.
- Simu zisizopokelewa kumi na tano. Kundi likilia, aliyepokea ni mmoja, ila wengine wawili wanaandikiwa kwamba wamekosa simu. Kuna mpangilio wa kuziambia simu nyingine kwamba imeshapokelewa kwingine. Uwashe, la sivyo watu wataacha kuangalia orodha hiyo kabisa.
- Mlio wa simu ya pili sikioni. Mtu anaongea na mteja, kundi linaita tena, anasikia tiii, tiii. Liambie kundi liruke meza inayoongea.
- Neno la siri sawa na namba. Ekstensheni 201, neno la siri 201. Wezi wa simu hujaribu hilo kwanza. Wakiingia, hupiga namba za gharama nje ya nchi usiku wa Jumamosi, na bili inakuja kwako. Usifungue mlango wa 5060 wa ruta kuelekea intaneti. Kama mna tawi Arusha au Mombasa, waunganishe kwa VPN.
- Ruta "inayosaidia". Ruta nyingi zina kitu kinachoitwa SIP ALG. Kizime. Kinasababisha sauti ya upande mmoja, na taa zinazoganda.
- Fundi kuondoka na funguo. Neno la siri la msimamizi liandikwe, litiwe bahasha, likae kwenye kasha la ofisi. Hata kama fundi huyo ni mimi.

"Lakini sisi…"

*"Sisi ni watu watano tu, kwa nini tusitumie simu za mkononi?"* Mnaweza. Ila mfanyakazi akiacha kazi, wateja wanaondoka na namba yake. Namba ya ofisi inabaki ofisini.

*"Intaneti yetu ni ndogo."* Simu za ndani hazitumii intaneti, zinapita kwenye waya zenu wenyewe. Inayotoka nje kwa sauti ya kawaida hula kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Simu nne kwa pamoja hazifiki hata nusu megabiti. Kinachoua sauti ni mtu anayepakua filamu wakati huohuo.

*"Wenzangu wataona nikiongea muda mrefu."* Wataona, ndiyo. Kitufe cha taa hakimruhusu mtu kusikiliza, lakini kinaonyesha. Kama hilo ni zito ofisini kwenu, weka vitufe kwenye simu ya mapokezi peke yake. Kwa zahanati na ofisi za mawakili nakushauri hivyo moja kwa moja.

*"Umeme ukikatika?"* Simu za mezani zinazopata umeme kupitia waya wa mtandao hazihitaji kila moja UPS yake. Swichi inazilisha volti 48 kutoka sehemu moja, kwa hiyo UPS moja ibebe swichi, PABX na ruta. Umeme ukirudi, simu mara nyingi huamka kabla ya PABX na taa zake zinabaki zimezimika au zinadanganya. Ngoja PABX iamke kabisa, kisha zima na kuwasha simu.

Kabla fundi hajaondoka

Msimwache aondoke kwa kupiga simu moja na kusema "iko sawa". Chukueni simu ya mkononi, watu wawili, na dakika ishirini:

1. Piga namba ya ofisi kutoka nje. Meza zote za kundi zilie. Pokea moja, nyingine zinyamaze papo hapo.
2. Piga tena, acha bila kupokea mpaka mwisho. Sikiliza unakopelekwa.
3. Piga ekstensheni 202 kutoka 203, na mtu wa 201 aidake kwa kitufe.
4. Rudia kudaka, safari hii kwa simu iliyoingia kutoka nje kupitia kundi. Mifumo mingine hudaka iliyopigwa moja kwa moja na kushindwa hii.
5. Egesha simu, ichukue meza nyingine. Egesha tena, usiichukue. Hesabu sekunde mpaka irudi.
6. Tuma watu wawili wapige kwa wakati mmoja.
7. Zima UPS na kila kitu. Washa. Rudia jaribio la kwanza na la tatu.
8. Fundi ahifadhi nakala ya mipangilio kwenye flashi na kuikabidhi mkononi mwako.

Jaribio la tano lifanywe na yule dada au kaka wa mapokezi mwenyewe, fundi akiwa amesimama pembeni bila kugusa chochote. Akishindwa, fundi abaki mpaka aweze.